Nani Aliyewachanganya Kuku wa Mama

Mimi si mtu wa kubahatisha. Nilicho nacho nilikipata kwa jasho langu, na sioni haya kukitaja. Diploma yangu ya ufugaji nilijilipia mwenyewe kwa kuuza mitumba mjini Kitale. Kazi ilipokosekana nilikwenda Uarabuni, nikafua na kupika katika nyumba za watu, hadi nikapanda kuwa msimamizi wa jikoni katika hoteli. Wenzangu wengi walirudi na masanduku ya manukato. Mimi nilirudi na mpango. Leo nina nyumba ya mawe mtaa wa Tuwan, hapo hapo Kitale, nina pikapu isiyosukumwa asubuhi, na nyuma ya nyumba nina kuku wa mayai ambao majirani huwaonyesha wageni kana kwamba ni wao. Kwa hiyo mtu akinitazama usoni na kuniambia kuwa kuku wamenishinda, ajue ananitafuta.

Na aliyeniambia hivyo ni kaka yangu wa tumbo moja.

Vifaranga nilipowanunua, niliwagawa. Nusu walibaki Tuwan, nusu niliwapeleka kwa mama, upande wa Chwele, Bungoma. Sikuwapeleka kule kwa mapambo. Mama yangu amefuga kuku maisha yake yote na hajawahi kuwa na kuku. Walikuwa wa baba, na baba alipofariki wakawa wa kaka, kwa sababu yeye ndiye kifungua mimba na nyumba yake iko hapo hapo bomani. Mama ni wa kizazi ambacho mwanamke wa kwetu alimfukuza kuku uani hadi akamshika, akamnyonyoa, akampika, akawapakulia wanaume, kisha akarudi jikoni kula mboga ya mrenda, kwa kuwa nyama ya kuku ilikuwa mwiko kwake. Wenzake wengi wameshaacha mambo hayo. Yeye hajaacha, na hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kumwambia aache.

Mimi nilimwambia. Nilijenga nyumba ya kuku nyuma ya jiko lake kwa mbao nzuri na wavu mpya, nikamkabidhi siku ile ile vifaranga walipotua.

"Hawa ni wako, Mayi," nilimwambia, kama tunavyowaita mama zetu. "Si wa baba, si wa boma. Mayai ni yako, na kinachotokana na mayai ni chako. Ukitaka kununua leso, usimwombe mtu."

Alicheka akaziba mdomo kwa kiganja. "Wangu mimi?"

"Wako wewe."

Kaka alikuwa amesimama kando akiwa amekunja mikono. Alisema, "Hongera, Mayi, umepata kampuni." Nikadhani ni utani.

Kuku wakakua, wakaanza kutaga. Wa Tuwan na wa Chwele walikuwa damu moja, wakila chakula kutoka gunia moja, katika nyumba nilizozipima kwa kamba moja. Wa Tuwan walitulia kama waumini kanisani. Wa mama wakaanza kuuana.

Sitii chumvi. Nilifika siku moja nikakuta kuku amebanwa pembeni, shingo haina unyoya hata mmoja, na wenzake wanamdonoa kwa zamu. Mwingine alikuwa amelala kifudifudi chini ya kiota, wamemtoboa nyuma pale pa kutagia, na bado wanamrudia. Kuku akiona chekundu hana huruma. Mtu ambaye hajawahi kuliona jambo hilo hudhani kuku ni kiumbe mpole. Aje nimwonyeshe.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mikono mapajani. "Sijui nimewakosea nini," alisema.

Kwa sentensi hiyo peke yake nilikasirika hadi masikio yakawasha. Mtu apewe kitu chake cha kwanza akiwa na mvi, na kitu hicho kianze kujila chenyewe mbele ya macho yake!

Nikaingia kazini. Nilifanya kila kinachofanywa na mtu aliyesomea kazi hii. Niliwatoa waliojeruhiwa, nikawapaka dawa ya zambarau ili wekundu usionekane. Nilipunguza mwanga kwa kuning'iniza magunia upande wa jua na kwenye midomo ya viota, maana kuku anayetaga hadharani hudonolewa. Nilifunga mashada ya sukuma wiki juu kidogo ya vichwa vyao ili midomo iwe na shughuli nyingine. Niliweka majivu ya kuogea. Niliongeza vyombo vya maji na chakula ili mnyonge asingoje mbabe ashibe. Niliangalia chumvi, nikaangalia dagaa katika chakula, maana vikipungua kuku hutafuta damu, nikawatafuta wababe wenyewe na kuwatenga hadi kiburi kiwatoke.

Wakatulia. Nikarudi Kitale nikijisifu, na nilikuwa na haki ya kujisifu. Niliporudi baada ya wiki chache, damu ilikuwa tena ukutani.

Nikaanza upya. Wakatulia. Nikaondoka. Damu.

Habari za aina hiyo hazikai bomani. Soko la Chwele lina masikio mengi kuliko mahindi. Mama mmoja wa kanisani alimshauri mama awaombee kuku. Jirani akasema wamerogwa kwa sababu nilililetea boma pesa za ugenini bila kuzitakasa. Na kaka, aliyewahi kuniomba nimtumie pesa za viatu kutoka huko huko ugenini, akawa anawachekesha watu kwa jina langu.

"Sasa, daktari wa kuku," alinisalimia hivyo mbele ya vijana wa bodaboda pale barabarani. "Ati diploma imesemaje leo?"

"Imesema kuna kitu kinawasumbua. Nitakijua."

"Kata midomo, bana! Chukua kisu, weka kwa moto, kata. Hiyo hata haitaki shule."

"Kuku wa Tuwan wana midomo mizima na hawagusani."

"Basi hao wa Tuwan wamesoma. Hawa wetu ni wa kijijini." Vijana wakaangua kicheko, na mmoja akapiga honi.

Niliendesha pikapu kutoka pale nikiwa nimeuma meno. Kilichoniuma zaidi ya kicheko ni mama. Jioni ile alikuwa ameniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba labda niwachukue kuku wote niwapeleke kwangu, kwa sababu yeye hana mkono wa kufuga vya kwake. Alikuwa ameshakubali kwamba ameshindwa. Wiki hizo za damu zilikuwa zimethibitisha yale aliyofundishwa tangu utotoni: kwamba kuku si wa mwanamke. Nikajiapiza kwamba nikiwapoteza kuku wale, sitapoteza ndege. Nitampoteza mama, arudi jikoni kula mrenda wake kimya kimya hadi afe.

Kwa hiyo safari iliyofuata sikuja na dawa. Nilikuja na macho. Nilivuta kigoda ndani ya nyumba ya kuku, nikakaa, nikawatazama mmoja mmoja tangu umande hadi jua likawa kali. Idadi ilikuwa ile ile. Siku zote nilipokuja nilihesabu, na siku zote, nikitoa waliokufa, ilitimia. Nadhani hapo ndipo mtu alipopata njia ya kupitia.

Aliyekuwa anadonolewa zaidi siku ile alikuwa kuku wa kahawia kama wengine. Nilimshika nikampakata. Alikuwa mwepesi, kifua kimechongoka kama panga. Kucha zake zilikuwa ndefu na zimepinda, kucha za kuku aliyezeekea kazini. Kuku wangu walikuwa bado wasichana. Nikamgeuza miguu. Juu tu ya kidole, ngozi ilikuwa imechubuka mduara mzima, na katika mchubuko ule ulikuwa umebaki uzi wa katani.

Kuku wangu walikuja katika boksi wakiwa vifaranga wa siku moja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufungwa kamba miguuni. Wanaofungwa hivyo ni wale wanaoletwa soko la Chwele wakining'inia kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda, na kati yao wamo kuku wa mayai waliochoka kutaga, wanaotupwa na wafugaji wakubwa kwa bei ya huruma.

Nikamshika mwingine mnyonge. Alama ya kamba. Mwingine. Alama ya kamba.

Mtu alikuwa anachukua kuku wa mama, wanono, wenye mayai tumboni, na kuweka vikongwe vya sokoni mahali pao ili nikihesabu itimie. Kuku hawajui kuhesabu, lakini wanajuana nyuso. Kila mmoja anajua nani wa kumpisha kwenye chakula na nani wa kumsukuma. Ukiondoa wawili na kutupia wageni wawili, nyumba nzima inaanza vita upya kutafuta nani ni nani, na mgeni aliyekonda ndiye ngoma ya kila mtu. Damu ikitoka, haichagui tena mgeni na mwenyeji. Wamekuwa wakifanyiwa hivyo mara kwa mara, na mimi naning'iniza sukuma wiki!

Nilitoka na yule kuku kwapani hadi jikoni. Mama alikuwa anapepeta maharagwe. Alipouona ule uzi, ungo ulisimama.

"Mayi, nani anabadilisha kuku?"

Alitazama maharagwe. "Wageni wanakuja."

"Wageni gani?"

"Wa kanisa. Kaka yako wanataka kumfanya mzee wa kanisa. Wanakuja mara kwa mara, Jumapili baada ya ibada, kumwona anavyoishi. Sasa angewapa nini? Angewapa wale wa sokoni, wenye nyama kama kamba?"

"Kwa hiyo anawapa wako."

"Alisema atarudisha. Na anarudisha."

"Anarudisha nini? Huyu?" Nilimwinua yule kikongwe. Alitoa sauti kama mlango usiotiwa mafuta.

Mama akasema polepole, "Hii ni boma ya baba yake. Mgeni akitoka hapa bila kuonja kuku, aibu si yake peke yake."

Na alikuwa anajua! Labda hakujua kwamba hilo ndilo lililoleta damu, lakini kwamba kuku wanabadilishwa alijua. Alikuwa anajua wakati nilipokuwa napaka zambarau, wakati nilipopanda juu ya paa kufunga magunia, wakati kaka alipokuwa ananiita daktari mbele ya vijana wa bodaboda. Yeye kaka alijua vizuri zaidi, maana ndiye aliyeshika kamba. Alikuwa anakula kuku wa mama kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ananinyooshea kidole kwamba siwezi kuwafuga. Na firigisi, kipande cha mwenye boma, bila shaka ilikuwa inawekwa kwenye sahani yake.

Sikupiga kelele. Niliwatoa vikongwe wote, nikawajengea kibanda chao kando ya mgomba. Wenyeji waliobaki nikawaacha peke yao. Mmoja wao, mwekundu kuliko wenzake, mwenye kishungi kilicholala upande, alikuwa ameumizwa sana katika vurugu zile. Mama akaomba amtunze mwenyewe. Akampaka zambarau, akamweka ndani ya kikapu jikoni, akawa anampa ugali mkononi. Nilitia kufuli mlango wa nyumba ya kuku, nikamwachia mama kitundu cha kupitisha mkono tu, cha kulishia na kuokotea mayai, ufunguo nikautia mfukoni mwangu na kurudi Kitale. Vita ikaisha. Haikurudi tena. Nataka hilo liandikwe: haikurudi tena.

Kisha ikafika ile Jumapili ya wageni kutoka Malakisi, wazee wakubwa kuliko wote waliotangulia, ambao ndio wangesema ndiyo au hapana kuhusu uzee wa kaka. Nilijua siku hiyo kwa sababu mama aliniambia kwenye simu, na nilifika kabla ibada haijaisha. Nikaketi mbele ya nyumba ya kuku kama askari wa benki.

Kaka alirudi mbio kutoka kanisani, akapitia kwake, akatoka na kisu mkononi, suti imebana.

"Fungua hapo," alisema.

"Kwa nini?"

"Dada, leo usinianze. Wazee wako njiani."

"Soko la Chwele lina kuku wengi. Unalijua kuliko mimi."

Akaelewa kwamba najua. Hakuona haya, naapa. Alinyoosha tai. "Sasa wewe umeenda Uarabuni miaka yote hiyo ukarudi kuhesabu kuku za mama yako? Kuku ni kuku. Nimetoa moja, nimeweka moja. Hata benki inafanya hivyo."

"Umetoa za mama ukaweka mizoga. Halafu ukaniita daktari barabarani."

"Si ni utani?"

"Mlango haufunguliwi."

"Hii ni boma ya baba!"

"Baba hakununua hata kifaranga kimoja hapa. Wewe pia hukununua. Piga hatua moja nikuvue hiyo tai."

Mama alikuwa ametokea kwenye mlango wa jiko. Nikamgeukia, nikamuuliza mbele ya kaka, kwa sauti ambayo sijivunii wala sijutii, "Mayi, kuku hawa ni wa nani? Sema leo."

Alishika mwimo wa mlango. Alinitazama, akamtazama kaka. "Ni wa nyumba hii," alisema. "Msigombane, wageni watasikia."

Kaka akatabasamu. Hakunisukuma, kwa kuwa hakuwa na haja. Alinipita tu, akaingia jikoni, na tukasikia kikapu kinapinduka. Akatoka akiwa amemshika mabawa yule mwekundu wa mama, shingo bado ina zambarau, amenona kwa ugali wa mkononi.

"Huyu atatosha kuanzia," alisema. "Hiyo rangi itatoka na manyoya."

"Huyo hapana," mama akasema.

"Mayi, ni kuku tu."

"Nimesema huyo hapana."

"Sasa wazee watakula nini? Watakula mimi?"

Mama alitembea hadi alipo, bila haraka, akamtoa kuku kwenye mikono yake kama mtu anayempokonya mtoto kiberiti. Akamweka kifuani.

"Huyu nimemlisha kwa mkono huu. Kila asubuhi ananipa yai. Wewe hujawahi kunipa yai." Akaelekeza kidevu kwenye nyumba ya kuku. "Na wale pia hapana. Wale ni wangu."

Lango lilikuwa linagongwa. Wazee walikuwa wamefika.

Ninachosimulia sasa, watu wa kwetu hawakiamini hadi leo. Mama aliwaandalia wazee wa kanisa kutoka Malakisi ugali, mrenda, na beseni la mayai. Mengine yamechemshwa, mengine yamekaangwa na vitunguu. Wageni wa heshima, katika boma la Bungoma, siku ya Jumapili, na hakuna kuku mezani! Mke wa kaka alikataa kubeba sahani, akasema hawezi kuonekana nazo. Nilizibeba mimi, kichwa juu.

Mzee mmoja, mkubwa wao, alifunua beseni akatazama ndani, akatafuta chini yake kana kwamba paja limejificha.

"Mayi," alisema kwa upole, "leo jogoo amegoma?"

"Hakuna jogoo hapa, baba," mama akajibu. Alikuwa amesimama mlangoni, hakurudi jikoni. "Kuku wangu ni wa kutaga. Hayo ndiyo mazao yao. Karibuni."

Kaka alikuwa anatazama meza kana kwamba imeandikwa deni. Yule mzee alifikiri kidogo, akachukua yai, akalimenya, akatia chumvi. "Haya, tule alichotupa Mungu," alisema, na wengine wakafuata. Walikula wakamaliza. Kama walimpa kaka uzee au hawakumpa kwa sababu ya mayai, mimi sijui na sikuuliza. Ninachojua ni kwamba walipoondoka alipita mbele yangu akasema, bila kunitazama, "Umemharibu mama." Tangu siku hiyo hanisalimu, na mimi sijapungukiwa.

Hasira yangu haijaisha, na sijaombwa na mtu mwenye haki ya kuniomba niimalize. Namwona bado akiwa amesimama na kisu pale, ameshiba kuku wa mwanamke aliyemzaa, anataka kufanywa mzee kwa shibe hiyo. Sitamsamehe kwa sababu tu wageni walikula mayai wakashukuru.

Nilipokuwa natia vyombo vyangu kwenye pikapu, mama alinifuata hadi mlangoni mwa gari. Alinyoosha mkono, kiganja juu.

"Ufunguo," alisema.

"Upi?"

"Wa kuku. Uko mfukoni mwako."

Nilitaka kumweleza kwamba ni salama zaidi ukikaa Kitale, kwamba kaka anaweza kumbembeleza, kwamba mimi ndiye niliyejenga. Nilimtazama nikaona kwamba maneno hayo yote alikuwa ameshayasikia kwa mtu mwingine. Nikampa. Akaufunga kwenye pindo la leso, mafundo mawili.

"Na wewe ukitaka chochote humo ndani," alisema, "unaniuliza kwanza. Usiingie tu na kigoda chako ukashikashika kuku za watu."

Uso ulinichoma. Mimi! Baada ya mbao zangu, wavu wangu, diploma yangu! Nilishika usukani. Halafu nikasema, "Basi, Mayi, naomba mayai ya kubeba Kitale."

Akasema atafikiria.